Daraja Lililonichelewesha Huku Moa

Moa, Tanga

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuamkia kwa mbali, nikiomba barua hii ikukute ukiota moto jikoni, na miguu haikuumi kama masika yaliyopita. Dada ameshajifungua? Mimi ni mzima, ila viganja vimechubuka na jua la huku limeniivisha kweli.

Najua uliningoja Krismasi mpaka ukachoka. Nyumba ya wageni niliyoitiwa kuijenga ilikwisha mapema, na begi nilikuwa nimeshalifunga. Kwenye simu nilikujibu juu juu tu, maana jambo lenyewe ni refu.

Hapa kijijini kuna kijito cha maji ya chumvi, kimekaa kati ya nyumba na zahanati. Maji yakipwa watu huvuka kwa miguu, tope magotini. Yakijaa, hakivukiki. Mwaka juzi Bi Mwanaisha, mama niliyepanga kwake, alimpoteza binti yake humo. Binti alikuwa akirudi na dawa, akadhani maji bado madogo. Baada ya matanga, Bi Mwanaisha aliwakusanya majirani wakaunda umoja, nia yao moja tu: daraja. Nguvu walikuwa nazo, fundi hawakuwa naye.

Siku ya safari yangu wakaniita kikaoni. Nikasema, "Mimi Mkristo, tena mtu wa Mbinga. Umoja wenu nitauingiaje?"

Bi Mwanaisha akacheka. "Mwanangu, hapa hatuulizani dini. Twaulizana una msumeno au huna."

Mzee Kombo, jirani yake, hakucheka. "Fundi wa kuja ataondoka. Mbao ikioza tutamwita nani?"

Neno lile likanikaa moyoni. Nilimkumbuka babu, aliyeumalizia ujana wake kukata mkonge huku Tanga, akarudi bila kuacha kitu ambacho mtu angekionyesha kwa kidole. Nikafungua begi.

Mama, kazi ile ilikuwa kama ndoto. Tulifuata maji, si saa. Yakitoka, tunaingia kusimika nguzo. Yakirudi, tunakaa ukingoni kuyatazama yakipanda taratibu, na mbingu imelala ndani yake mpaka hujui juu ni wapi na chini ni wapi. Mara nyingine niliona kabisa ukungu wa kwetu ukishuka juu ya mibuni, nikanusa moshi wako wa jikoni, kumbe ni wanawake wanatuchemshia chai. Bamvua moja, yale maji makuu ya mwezi mpevu, lilizing'oa nguzo nne. Nililia, nisikufiche. Kesho yake nikawakuta watu wote wameshazikokota nchi kavu, wananingoja.

Daraja liliposimama, niliwakabidhi Saumu, mshonaji wa kijijini, na Mzee Kombo mwenyewe kazi ya kubadilisha mbao zitakazooza. Nilikaa pembeni nikawaacha wang'oe moja na kuipachika upya bila mimi. Mzee akapiga msumari wa mwisho, akanitazama. "Sasa waweza kwenda," akasema, na safari hii alicheka.

Ijumaa, baada ya sala, daraja likafunguliwa. Watu walivuka kwa vigelegele. Bi Mwanaisha alifika katikati akasimama, akashika ukingo kwa mikono miwili. Nikamwendea.

"Ni hapa, Bosco," akaniambia polepole. "Walimkuta hapa."

Tukasimama tu, maji yakipita chini yetu. Kisha akajifuta uso kwa ukaya wake wa kichwani. "Mwandikie mama yako. Mwambie ahsante kwa kuniazima mwanawe. Sasa namrudisha."

Akavuka hadi ng'ambo, peke yake, bila kugeuka.

Jumatatu napanda basi, mama. Nisalimie dada na mume wake, mjomba anayekupalilia shamba, na shangazi mwenye kiti cha mbele kanisani. Mungu akutunze mpaka nikushike mkono.

Ni mimi kitinda mimba wako,
Bosco