Salamu ya Evod kwenye Klasi Mzazi

Jumatatu, 9 Juni 2025

Bosi Gosbert kanisifu leo mbele ya ofisi nzima. Simu za kliniki sasa zimefika mpaka Masagati! Nikasema asante, nikainamia kompyuta.

Kazi yenyewe ni ya Evod. Mchumba wangu. Marehemu — bado sijaweza kulitamka. Yeye ndiye aliyeandika klasi mzazi, ile programu ambayo nyingine zinarithi kwake, akaandika na klasi watoto, Sanje na Michenga, kila eneo na klasi yake. Kompyuta inampigia mama kijacho, inamkumbusha siku ya kliniki. Halafu ikaja ile ajali ya pikipiki. Klasi ya Masagati nimeiandika mimi, baada ya matanga.

Jumatano, 11 Juni

Nesi Febronia kapiga kutoka Masagati, kawaka kweli. Simu zetu zinakatwa! Zikipokelewa tu, zinakatwa. Wajawazito hawaji. Kuna Brigitha, ana mimba ya mapacha, presha yake ilikuwa juu, alitakiwa jana. Hajatokea.

Gosbert akauliza kuna nini. Nikasema mtandao.

Mtandao! Mwongo mkubwa mimi.

Alhamisi, 12 Juni

Sijaandika hata mstari. Nimefungua faili la Evod, nimefunga. Nimefungua tena.

Ijumaa, 13 Juni

Nesi kamfuata Brigitha nyumbani. Miguu imevimba. Simu ya nyumba ile inakaa kwenye fundo la khanga ya mama mkwe, na mkwe haendi popote bila yeye kusema neno. Nesi na yule mama waligombana siku nyingi, hawasikilizani. Mama kasema, simu gani haiamkii watu? Inaanza tu "unakumbushwa kuhudhuria" — matapeli hao, anakata. Binti yake aliyeolewa Sanje hupigiwa na kijana mwenye adabu zake. Yule akipiga, atampeleka mkwe mwenyewe.

Kijana mwenye adabu. Evod wangu huyo!

Alirekodi sauti yake mwenyewe. Kwenye klasi mzazi kuna methodi yake, kipande cha maagizo kiitwacho anza(), ndiyo inayoamkia kwanza. Klasi yangu nayo ina anza(). Jina lile lile, basi ya mzazi imefunikwa. Haijafutika. Ipo palepale, ila haiitwi mpaka mtoto aiite. Mstari mmoja tu: super().anza(). Sanje wanao. Michenga wanao. Mimi sikuuweka, na wala sikusahau. Ningeuweka ningelazimika kuujaribu, na kuujaribu ni kumsikia.

Nimelia chooni ofisini. Kisha nikaenda kwa Gosbert, nikamwambia yote. Hakufoka. Afadhali angefoka! Kasema, pole Rosa, niirekodi salamu upya mimi? Nikakubali haraka haraka. Nilipofika mlangoni nikamkumbuka yule mama. Anamtaka kijana wa Sanje, sio Gosbert na mafua yake. Nikarudi. Nikasema hapana, kesho nauweka.

Jumamosi, 14 Juni

Asubuhi. Nimeuweka, juu kabisa ndani ya anza() yangu. Nikaipigia simu yangu mwenyewe kujaribu.

"Shikamoo mama. Habari za shamba? Samahani kwa usumbufu, naomba unipe mama kijacho niongee naye."

Jamani! Na kale kakikohozi kake. Mzima kabisa, anaongea tu.

Halafu nyuma yake, kwa mbali, mwanamke anaita: Evod, chai inapoa!

Ni mimi. Mimi na kelele zangu za chai. Nilikuwa sijui kama nimo humo. Namwita kwa hasira za uongo, kama mtu mwenye miaka mia ya kumwita. Nimekaa chini sakafuni. Nilimpenda, Mungu wangu, nampenda.

Gosbert kasimama mlangoni. Kauliza, uko sawa? Nikamwambia siko sawa, washa simu za Masagati. Nesi anasubiri kituoni, Brigitha ndiye wa kwanza kwenye foleni.

Skrini inasema inaita. Inaita. Inaita.

Imepokelewa.

Haijakatwa. Bado haijakatwa! Sasa hivi kule Masagati mama wa watu anamwitikia marahaba mwanangu, anamwambia shamba salama, anamsubiri ajibu, na Evod —