Mtani Wako Amekamata Kitabu

Mama,

Shikamoo. Zamani barua zetu zote zilianza kwa kusema mimi mzima, hofu ni kwako uliye mbali. Safari hii nageuza. Wewe sina hofu nawe, huko uliko hakuna kushuka mlima na tenga la kabichi kichwani. Wa kuhofiwa wiki hii nilikuwa mimi. Kitabu kimetoka, mama! Kile kile ulichokuwa ukiniuliza kila nikija, "Hicho kitabu chako hakijaiva tu?" Kimeiva, na wewe umo ndani.

Kilifika Jumatatu kwa basi kutoka Dar es Salaam, kwenye boksi lililowahi kubeba mafuta ya kula. Mchapishaji wangu ana chumba kimoja na mashine moja, maana siku hizi mtu binafsi naye anaruhusiwa kuchapa vitabu, si serikali peke yake. Nilipokuwa nafungua boksi sebuleni hapa Kihonda, mume wangu alisimama mlangoni akijifanya anatafuta nyundo. Nikaitoa nakala ya kwanza nikainusa. Ilinuka wino na alizeti. Nikacheka peke yangu, halafu nikakumbuka kwamba mtu niliyetaka kumpa amelala kaburini huko Mgeta, nikakaa chini kidogo.

Haya, nikupe habari. Nilidhani mtu akitoa riwaya dunia itamsubiri hata siku mbili. Wapi! Jumanne nilikuwa shuleni kama kawaida, nasahihisha insha za kidato cha pili. Walimu wenzangu walinipongeza mmoja mmoja, na kila mmoja akauliza nakala yake ya bure iko wapi. Mwalimu mkuu alisoma mpaka alipokutana na mwalimu mkuu mwenye kitambi, akanirudishia kitabu. Tangu siku hiyo anavaa koti na kufunga vifungo vyote, na joto hili la Morogoro!

Jumatano nikaenda lile duka la vitabu la mjini ambalo ulipenda kukaa kivulini pake ukisubiri lori. Nusu yake sasa wanauza redio na ndoo za plastiki. Mwenye duka alikubali kuweka nakala zangu, akazipanga kati ya ndoo na betri. Jioni nikapita tena kupeleleza. Mama mmoja alikishika kitabu, akakigeuza, akauliza kama kuna cha mapishi. Mimi nikaona aibu kutoka mikono mitupu, nikarudi nyumbani na ndoo. Mama, vitu vimejaa. Wewe uliyepanga foleni kutwa nzima kwa kipande cha sabuni, ungeliona soko la sasa ungezunguka mpaka soli ziishe. Sabuni za kila rangi, mitumba marundo kwa marundo, na wauzaji wanakubembeleza wao!

Alhamisi mhadhiri mmoja aliniita Mzumbe nizungumze na wanafunzi wake. Akataka kujua ujumbe mkuu wa riwaya yangu. Nilijibu kwa kirefu, na hata mimi sikuelewa nilichosema. Lakini wanafunzi waliisifu sana sura ya mwisho, mazishi ya Mama Felista, yule muuza njegere ambaye ni wewe. Mhariri naye alisema sura hiyo ilimliza. Ni mazishi mazuri kweli, yana mvua nyororo, waombolezaji kimya, na binti anayeweka ua moja juu ya udongo. Nilirudi nyumbani kichwa kimevimba.

Kikanywea nilipofika jikoni, kwa sababu nilikuwekea kikombe cha chai. Bado huwa nasahau. Na hapo likanijia swali moja tu, wewe ungesemaje? Tangu mtoto nilikusimulia hadithi uani huku ukimenya njegere, na hukuwahi hata mara moja kuniambia ni nzuri. Ikiwa mbaya, uliendelea kumenya na kunituma maji. Ikiwa nzuri, mikono ilisimama, kidevu kikainuka, ukasema, "Kisha?" Basi, hakuna zaidi. Maisha yangu yote nimeandika nikiitafuta hiyo "Kisha?" yako, nawe mwaka jana ukaondoka kabla sijakusomea hata ukurasa mmoja. Hilo linaniuma, mama. Sikufichi.

Jumamosi nikapanda Mgeta kumpelekea Mjomba Kosmas nakala yake. Unamjua kaka yako, kwetu mjomba ndiye mwenye neno, na sikutaka asikie kwa watu kwamba nimemtia marehemu kitabuni. Angesema umemdhalilisha dada yangu, ningeficha wapi uso wangu? Lori liliniacha njia panda, nikamaliza mlima kwa miguu nikijifundisha namna ya kuanza. Njegere zako zimestawi, ila mfereji umebomoka pale kwenye kona.

Uani nilimkuta Mjomba na mkewe, na mtani wako Skola, aliyekuja kuomba kaa la moto akaamua kusubiri chakula. Wakataka niwasomee. Nikachagua sura ya mazishi, si ndiyo inayosifiwa? Nikasoma kwa sauti ya kanisani. Nilipomaliza, Mjomba alikohoa, akatazama vidole vya miguu yake. Skola ndiye aliyesema.

"Na mimi nilikuwa wapi?"

Nikamweleza kwa upole kwamba hii ni riwaya, Bi Skola. Akasema riwaya au si riwaya, mtu wa huku anazikwaje bila watani wake kumtania? "Mmemfukia kimya kimya kama mmemuiba!" Akaninyang'anya kitabu, akakifunga kwenye pindo la kanga, akatangaza kwamba kimekamatwa mpaka nilipe jogoo. Nikamgeukia Mjomba anitetee. Mzee mzima yule akasema faini ni halali, tena jogoo mwenyewe asiwe kifaranga.

Na walikuwa na haki. Siku tulipokuzika, Skola alikuja amevaa mabuti yako ya shambani, akawa anabishana na wachuuzi wa Dar ambao hata hawakuwepo juu ya bei ya kabichi, sauti ni yako kabisa. Kisha akaingia kaburini, akajinyoosha, akakataa kutoka, eti limechimbwa fupi na wewe unapenda kulala umenyoosha miguu. Watu walicheka mpaka padri akajifunika uso kwa kitabu cha sala. Mimi peke yangu sikucheka. Nilikaa nimekaza meno, nikitamani wote waondoke wakuache. Nilipofika mahali hapo katika riwaya, nikawaondoa kweli, nikaleta mvua. Nilidhani nakupa heshima. Kumbe nilikuwa namzika mama mwingine, mpole mpole, ambaye huko mlimani hakuna anayemjua.

Skola hakutosheka na jogoo. Aliingia ndani, akatoka na sweta lako la bluu, lile la mtumba lenye mnyama tuliyeshindwa kumtambua. Akalivaa. Akakaa kwenye kigoda chako, akauvuta ungo wa njegere, akafuta pua kwa mgongo wa kiganja kama ulivyofanya wewe. Akanirudishia kitabu kwa mkopo, akaniamuru nisome kwingine kusiko na msiba.

Nikasoma pale Mama Felista anapomkimbiza mbuzi aliyekula kilemba chake cha Pasaka. Skola akamenya. Akaendelea kumenya. Mabega ya Mjomba yakaanza kutikisika, lakini mimi sikumtazama, nilitazama ungo, maana maneno yenyewe nimeyahifadhi kichwani. Mbuzi akapita katikati ya wanakwaya, akaingia sakristia penye mavazi ya padri, na mikono ikasimama. Kidevu kikainuka.

"Kisha?"

Nilicheka, mama. Nilicheka mpaka kitabu kikaangukia kwenye maganda, machozi nayo yakaja humo humo na sikuyazuia. Kicheko cha siku ile ya mazishi kilikuwa bado kimo ndani yangu, kilikuwa kinasubiri. Mjomba alicheka akishika mbavu. Skola alicheka, akalia, akajifuta kwa sweta lako, halafu akadai jogoo wa pili kwa kazi ya ziada.

Majogoo wote wawili nimelipa. Na wewe nakuahidi kwamba kitabu kikichapwa tena, sura ya mwisho naiandika upya. Skola ataingia kaburini na padri atajifunika uso. Mhariri akigoma, nampandisha Mgeta akaonane na Skola mwenyewe.

Niishie hapa, insha zinanisubiri na mume wangu anakoroma na kitabu kifuani, anasema yuko sura ya tatu. Kwaheri, mama yangu. Nyoosha miguu. Hadithi nyingine nimeshaianza, nami sitaipeleka Dar kabla sijaja kukusomea hapo ulipolala, Skola akiwa pembeni na ungo. Usihangaike kunijibu. Mikono ikisimama, nitajua.

Mwanao,
Tina