Daktari, Mimi Sikufa

Mtani wangu Daktari Kapela,

Mazishi yako niliyaendesha mimi, hapana mwingine. Nilisimama juu ya ule udongo mwekundu wa Muheza, nikawapanga wapwa zako mstari mmoja kama mbuzi wa machinjioni, nikatoa amri, jeneza likashuka. Na chozi sikutoa hata tone.

Uongo. Nilitolewa kaburini nimeshikwa miguu na mikono, jino moja nimelimeza na la pili nimelitemea kwenye shati la mpwa wako, yule mnene aliyetoka Dar es Salaam. Na nililia. Nililia kama ndama. Haya, umefurahi?

Naandika mwenyewe, na darasa langu la nne hili hili, kwa hiyo ukiona herufi zimelaliana usinicheke. Mwandiko wako ulikuwa kama kuku aliyekanyaga wino, na bado wakakuita daktari.

Unakumbuka siku ya kwanza? Sista Rehema amekaa pembeni na faili, wewe umeitundika ile picha nyeusi kwenye kioo chenye taa. Ukaniambia, "Mzee Mhando, pafu lako la kushoto lina saratani." Mimi nimechinja ng'ombe machinjioni Tanga tangu ndevu zinaota. Mapafu nimeyashika yakiwa bado yanafuka mvuke, vipande vibovu nimekata nikawatupia mbwa. Nikakwambia, "Kata basi, utupe, tuondoke." Ukasema uvimbe umekumbatia mshipa mkubwa, na ukipitisha kisu hapo nitachuruzika kama hao ng'ombe wangu.

Sijui mkono ulitoka saa ngapi. Nilikushika tai, nikakuvuta juu ya meza, nikakutia ngumi ya mdomo. Mafaili yakamwagika. Sista akapiga ukunga. Na wewe, damu inakutiririka kidevuni, unacheka! "Mapafu mabovu, ngumi nzima. Sista, andika hilo." Kisha ukaniuliza kabila. Nikasema Mzigua wa Mkwaja. Ukajifuta damu kwa koti lako jeupe ukasema, "Mimi Mnyamwezi, nimezaliwa kambi ya mkonge. Basi wewe ni mtani wangu. Na Mzigua hafi bila ruhusa yangu."

Toka siku hiyo hatukuheshimiana tena, alhamdulillahi. Mimi nakuita mpagazi, mjukuu wa wabeba mizigo ya watu. Wewe unaniita mtumwa wako uliyesahau kumuuza. Vijana wa siku hizi wakitusikia wanadhani tunagombana. Hawajui kuwa mtani hutukanwa akiwa hai, na akifa unamwendea msibani ukamfanyie vituko hadi wafiwa wacheke na makamasi puani.

Dawa yako lakini haikuwa na utani. Ile dripu ilinipiga kama mwizi wa kuku. Nilitapika nyongo, nikatapika vitu ambavyo sikuvila. Mionzi ikanibabua kifua, ngozi ikaambuka kama ya kiazi cha kuchemsha. Mke wangu Bi Mwanaidi akinifuta, nywele zinabaki kwenye kitambaa, naye anakutukana wewe na mama yako aliyekuzaa. Na ile sindano ya mgongoni ya kuvuta maji ya kifua! Mimi niliyeangusha mafahali kwa kamba na kisu, nikiiona sindano ile naanza kutafuta mlango.

Ulinieleza unachotafuta. Ukasema wazee wa huku wakikutwa na ugonjwa huu wanaambiwa warudi nyumbani wakangoje, kwa sababu hakuna aliyewahi kuandika tiba hii ya dripu na mionzi inawafikisha wapi. Wewe unataka kuandika. Utanifuata kila baada ya miezi kadhaa: nikiwa hai uandike, nikifa uandike. Nikakwambia, "Nikifa nitakupigia simu mwenyewe."

Ukacheka. Laiti usingecheka.

Maana nilimaliza dawa, nikarudi Mkwaja, nikaanza kula, hata nikamchinjia jirani mbuzi wa harusi. Ikafika siku ya kurudi kupimwa. Nikaikumbuka sindano, sikwenda. Ukapiga simu. Nikaona jina lako, shetani akanikaa kooni. Nikaikunja sauti kama ya kaka yangu, nikasema, "Mzee Mhando hatunaye. Tumemzika juzi."

Nilijua utafanya nini. Utakuja mbio na kamba mkononi, utapiga kelele barazani kwamba mtumwa wako katoroka bila ruhusa, utataka kuburuta kitanda changu hadi barabarani. Nami nitakurukia kutoka mlangoni nimejifunga shuka jeupe, tuangushane mchangani, tucheke hadi tukohoe. Shuka nililiandaa, wallahi. Mbuzi nilimfunga.

Lakini wewe ukasema, "Poleni sana. Nilimpenda mzee yule," ukakata.

Siku ya pili kondakta wa basi akashusha gunia la mchele. "Rambirambi kutoka kwa daktari." Mimi nimejificha nyuma ya pazia. Bi Mwanaidi akaniangalia kwa jicho ambalo sijawahi kuliona, akasema, "Mpigie mwanamume mwenzio, Athumani. Mpigie sasa hivi." Nikasema kesho. Tukaupika ule mchele. Nikala wali wa matanga yangu mwenyewe, na baada ya kuula ningekupigia nikwambie nini? Kila wiki aibu ikazidi kunenepa. Wiki zikawa miezi, na miezi ikapita mwaka.

Halafu redio ikakutaja kwenye matangazo ya vifo. Ajali ya lori, njia ya Segera.

Nilipanda basi la alfajiri. Nilikuwa na kitu kimoja tu kichwani: nilikunyima msiba wangu, basi wako nitaucheza hadi mwisho. Nikafika Muheza, jeneza liko mdomoni mwa kaburi, padri anasoma. Nikapasua watu kwa viwiko, nikajitupa shimoni. Nikalala chali, nikapiga kelele: "Mpagazi huyu hazikwi! Kwanza anitoe mimi kwenye orodha yake ya maiti!"

Zamani watu wangecheka, wangenibembeleza, wangenipa kuku nitoke. Wapwa zako hawajui utani, Kapela. Hukuwafundisha? Waliruka watatu. Mmoja akanikanyaga mbavu, upande ule ule uliouchoma wewe. Yule mnene akanitia ngumi mdomoni, pale pale nilipokupiga wewe. Mwingine akanishushia mpini wa koleo begani, nikasikia mfupa unalia. Nami nilimng'ata mtu mkono hadi nikaonja chumvi, na nikamvuta mmoja mguu akaanguka juu yangu, tukafinyangana humo kwenye udongo kama nguruwe. Wakati wananitoa, Sista Rehema akasukuma watu asogee, akaniona uso. Akapiga ukunga kama wa siku ile. "Mzee Mhando! Wewe si ulikufa?" Nusu ya waombolezaji wakakimbia. Nusu nyingine wakaokota mawe.

Aliyeniokoa ni mama yako. Kikongwe yule aliinuka kwenye kiti chake, akauliza, "Wewe kabila gani?" Nikatema damu, nikasema, "Mzigua, dada." Akawageukia wajukuu wake. "Mwacheni. Ni mtani. Mwacheni amalize kazi yake."

Nikasimama nimalize. Nimtukane nani? Nikalitazama sanduku. Hapo ndipo nilipolia.

Baadaye Sista alinisafisha majeraha, naye hakuwa na huruma hata kidogo, spiriti anaimimina kama anazima moto. Akaniambia kile nilichokuwa sikijui. Kwamba siku ya simu ile ulirudi chumbani kwako, ukakitia ngumi kile kioo chenye taa. Kioo kikakupasua mkono, wakakushona. Kwamba ulisema, "Dawa yangu imemuua mtani wangu." Mimi nilikupiga ngumi ya mdomo ukacheka. Hii nyingine nilikupiga nikiwa Mkwaja, kisha nikala wali wako.

Wiki iliyofuata aliniita hospitali, akanitolea ile kazi yako iliyochapishwa kwenye jarida la madaktari. Kizungu kitupu. Akanisomea. Kuna mchoro humo, mstari unaanzia juu na kushuka kama ngazi, na kila mgonjwa akifa ngazi inashuka kidato. Akaweka kidole. "Hapa ndipo ulipokufa wewe." Nikakitazama kidato changu. Kifupi, hakizidi ukucha. Chini yake umeandika kwamba kwa wazee tiba hii haijaonyesha faida ya kutia moyo, na isitolewe ovyo.

Nikamwambia Sista, mtu mmoja tu, kinaharibika nini? Akanijibu kwa ukali, "Wazee mlikuwa wachache humu. Mmoja akihama upande, maneno yanabadilika. Toka nje ukatazame bencini."

Nikatoka. Bencini kuna mzee mmoja mvuvi wa Kigombe, kifua kinapiga filimbi, ameshika kanzu yake magotini. Daktari aliyekalia kiti chako anasita kumpa dawa. Anasita kwa sababu ya maandishi yako. Maandishi yako yamesema hivyo kwa sababu yangu. Niliketi karibu naye. Akaniuliza, "Na wewe mzee mwenzangu unaumwa nini?" Nikasema, "Mimi nimekufa." Hakucheka.

Basi nilikwenda kudungwa. Nimeipokea sindano ya mgongoni, Kapela, na nilipiga kelele zikasikika hadi Usagara, lakini sikukimbia. Wamenipiga picha, wamenipima damu, nimetia sahihi kwenye karatasi kwamba mimi Athumani Mhando niko hai na nilidanganya. Wenzako mlioandika nao wamepeleka barua kwenye jarida, na jarida limechapa masahihisho. Ni mistari michache. Sista alinisomea mara mbili. Ngazi yako imepandishwa kidato, na lile neno la kuwakataza wazee limelegezwa. Mvuvi wa Kigombe ametundikiwa dripu. Anatapika na kunitukana mimi niliyemtia moyo. Nakwambia ana matusi mazuri, lakini wewe humfikii.

Picha yangu imeonyesha kivuli kipya, kidogo kama mbegu ya mbaazi. Bado wanakiangalia. Sista alitaka kunificha, nikamwambia mimi nimekwisha kufa mara moja, aseme tu. Bi Mwanaidi hajui. Usimwambie.

Nakuahidi hivi, mbele ya Mungu wako na wangu. Kila tarehe ya kupimwa nitakwenda na miguu yangu, sindano na iwe na urefu wa mkuki. Na siku ya kweli ikifika, simu ataipiga Bi Mwanaidi, kwa sauti yake mwenyewe, na wataandika kitu cha kweli. Safari hii ruhusa sikuombi kwa hila.

Lala, mpagazi. Mzigo umeutua.

Ila kuna kitu nakudai. Nilivyokuwa nagaragazwa mle shimoni kofia yangu ilinivuka, ile ya mkono aliyonishonea Bi Mwanaidi, na jeneza lako likashushwa juu yake. Nimewaomba wapwa zako wafukue, wakanitazama vibaya tena. Basi nishikie. Ipukute udongo, uiweke mahali pakavu. Usiivae, kichwa chako kikubwa kitaipanua. Nitakuja kuichukua mwenyewe, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nitachelewa kwa makusudi.

Mtumwa wako mtoro,
Athumani Mhando, Mkwaja