Sikio Lililopinda

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa kitini, hujasimama kwenye fuawe, maana Mama ameniambia goti bado linakusumbua na la daktari hutaki kulisikia. Mimi ni mzima, ila nimeungua kidole gumba, jambo ambalo kwa ukoo wetu wa wahunzi si habari.

Habari ni kwamba imesimama! Ile fedha ya kale ya chuma aliyoifua babu, inayoning'inia juu ya mlango wa karakana yako, nimeunda mfano wake wa urefu wa mita saba, mbele ya maktaba kuu. Tuliisokota fimbo yake ya katikati kwa moto kama ulivyonifundisha, ila badala ya koleo tulitumia winchi, na badala ya wewe kunifokea, alinifokea mhandisi. Ncha moja bapa kama jembe, ncha nyingine imetanuka kama sikio. Kreni ilipoiachia, mafundi wenzangu waligonga mapipa kwa nyundo mpaka mlinzi wa maktaba akatoka kutunyamazisha. Alipoinua macho akasahau alichokuja kusema. Nililia, Baba, na sioni haya kukuambia.

Muuza magazeti wa pale kona aliniuliza enzi za fedha hizo chenji ilirudishwaje. Nikamweleza ulivyonieleza wewe, kwamba zilifungwa mafungu mafungu, na moja ikivunjika ilihesabika imekufa mpaka mhunzi aiunge. Akasema kumbe benki mlikuwa ninyi. Najua hilo utalirudia kwa kila mteja.

Anayeipenda kuliko wote ni mama mmoja wa makumbusho. Yeye hutazama sikio tu, lile lililopinda kushoto. Nilimsimulia kama unavyowasimulia wageni wako, kwamba babu alikuwa mashoto na ule mkunjo ni alama ya mkono wake. Akafurahi kupita kiasi. Ameyaandika maneno hayo kwa ajili ya kibao cha shaba kitakachochongwa Jumatatu, na siku ya uzinduzi anataka upande jukwaani uyaseme kwa kinywa chako.

Tangu hapo usingizi umenipaa. Baba, babu hakupinda kitu. Ni mimi. Nilikuwa na miaka tisa, wewe umeenda kununua mkaa, nikaishusha ile ya mlangoni nikaitumia kufungulia kopo la rangi. Sikio likapinda. Nikairudisha mahali pake nikanyamaza kimya. Wiki hiyohiyo ulikuja na mgeni, ukaitazama, ukakuna kidevu, na babu akawa mashoto kuanzia siku ile.

Nisamehe. Nimeogopa miaka yote hii kukuvunjia hadithi unayoipenda, lakini siwezi kukuacha uisimulie mbele ya umati kwa kosa langu. Kreni ipo hadi Ijumaa. Ukisema nilinyooshe sikio, nitalinyoosha. Ukisema libaki, nitabadilisha maneno ya kibao. Nipigie simu unikaripie kwanza, kisha uamue.

Ila kuja, lazima uje. Jukwaa ni lako, na ukiniumbua, wa kwanza kupiga makofi nitakuwa mimi. Kisha nitakuomba kipaza sauti kwa heshima zote, niwaulize watu: babu alifanywa mashoto na nani?

Mpe Mama salamu zangu za mapenzi, na majirani wote wanaonikumbuka.

Ni mimi mwanao,
Kitindamimba