Vifuniko vya Darubini ya Wenseslaus

Agness, acha unachofanya. Mbavu zinaniuma kwa kucheka!

Si unamjua shemeji yangu Wenseslaus na ile bunduki yake ya kibali, yenye darubini juu? Wiki nzima alikuwa anachagua vifuniko vya vioo vya hiyo darubini. Muuzaji pale Moshi alimwambia achukue vile vinavyofunguka kwa kubofya. Akamjibu, "Hivyo ni vya wanaojifunza." Akachukua vya mpira mzito, eti vinaendana na koti lake. Koti!

Leo nguruwe pori kaingia kwenye mahindi ya mama mkwe huku Masama. Wenseslaus akapiga goti, akafumba jicho moja, akanong'ona, "Mbona giza?"

Giza! Jua linawaka, Agness!

Akavuta kifuniko, kimekaza. Akavuta tena, wapi! Akakikamata kwa meno. Mtu mzima anaing'ata bunduki, nguruwe anatafuna mahindi, na wanatazamana!

Aliyemfukuza nguruwe ni mama mkwe, kwa kugonga sufuria na mwiko.

Sasa hivi bwana mkubwa kaja na jani la isale kuomba radhi, maana anajua ukiletewa isale huwezi kukataa kusamehe. Mama kalipokea kwa upole kabisa.

"Nimekusamehe, mwanangu. Hivyo vifuniko niachie, nitafunikia chumvi. Na kesho ukija kulinda, bunduki iache kwako. Sufuria nitakuazima."