Ngoma ya Maji Mabaya

Jumatatu, 2 Novemba 1964

Kamati ya dharura ya maji imekaa tangu asubuhi. Mimi ndiye karani, kwa hiyo pia ndiye mpika chai. Swali: maji ya mji yakiharibika, watu wataambiwaje wasinywe? Mzungu wa maji amerudi kwao, ametuachia king'ora kibovu. Bwana Philemon, aliyerithi kiti chake na kofia yake, akasema huu ni uhuru, tutumie cha kwetu — isukuti, ngoma yetu, ipigwe sokoni, watu wakisikia waache kuchota kwenye mifereji ya bomba. Makofi.

Nikanyoosha mkono. Nikasema isukuti hapa ni ya harusi na ya mafahali kupigana, sijaona aliyeisikia akabaki nyumbani. Philemon akaniomba sukari.

Jumamosi, 7 Novemba

Siku ya majaribio. Ngoma zikapigwa kando ya mfereji wa soko. Mji mzima ukaja! Mzee Shitanda alimleta fahali wake kutoka Khayega, akawa anauliza mpinzani yuko wapi. Senje Musimbi, shangazi yangu ninayekaa kwake, alifunga hoteli yake akacheza mpaka kilemba kikamtoka. Kisha kiu. Wakanywa wapi? Mferejini, wapi tena.

Tangazo la kueleza maana ya ngoma lipo. Limebandikwa ofisini, ndani, kwa Kizungu.

Philemon ameandika ripoti: watu wameitikia vizuri sana. Nimeipiga taipu mwenyewe, karibu nicheke.

Jumatano, 18 Novemba

Tumbili amekutwa ndani ya tangi la maji ya mji. Ameoza. Watoto wa Beldina, jirani yetu, wanahara na kutapika tangu jana. Naogopa, kusema kweli. Tangi limefungwa lakini mabomba bado yamejaa maji yale yale. Nikamwambia Philemon tupite nyumba kwa nyumba. Akasema mpango upo, na ulishafaulu. Ila wapiga ngoma wako harusini, kwa hiyo dharura itaanza kesho.

Jioni nimemweleza Senje, maana kila sahani ya obusuma, ugali wetu, huiuza na maji baridi. Akasema tumbili wanajioshanga mtoni tangu zamani, na mto haujafungwa.

Alhamisi, 19 Novemba

Naandika nikiwa nimeketi kwenye saruji ya mfereji wa soko, mgongo kwenye bomba. Mkono wa mfereji nimeung'oa na kuuficha kifuani. Atakayeutaka aje autafute.

Fahali ni wawili leo. Nimepaza sauti mpaka imekauka — maji mabaya, tumbili! — lakini kwa ngoma hizi nani atasikia? Wanaona mdomo unaenda, wanadhani naimba. Mama mmoja ameniitikia.

Jua kali. Kiu imeanza. Senje amesimama mbele yangu na ndoo, nyuma yake foleni. Nimemwambia sikioni kwamba ngoma hii maana yake msinywe.

"Ngoma haisemangi hivyo," amesema. "Mimi nimezaliwa hapa. Ikilianga hivi watu wanakuja, na wakikuja tunawapa maji. Toka hapo, mtoto wangu."

Nimempungia Philemon, kule kwa wapiga ngoma, nikamwonyesha foleni. Ameiona. Amewainamia wapigaji, na sasa wanapiga kwa nguvu zaidi.

Senje ameweka ndoo chini, anakunja mikono ya gauni. Na huko barabara ya Mumias, wengine wanakuja mbio —