Kanda za Wakunga wa Machimboni

Kalangalala, Geita
9 Agosti 1996

Kaka yangu Athanas,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi na wanangu wote hapo Tabora, na kwamba ule mguu umeacha kukusumbua. Mimi mwili hauna neno. Roho ndiyo imechafuka, na nimeona nikuandikie mwenyewe kabla Bwana Onesmo hajakufikia. Najua atakuja kwako, na najua atakavyoeleza.

Unajua kazi yangu pale Kishapu ilivyokuwa. Wakunga wa vijijini wanakuja, wanakaa mkekani, nawafundisha kwa mikono. Nashika mkono wa mama mtu mzima, nauweka juu ya tumbo la mwenzake, nambonyezea, mpaka mwenyewe anasema, "Eee mayu, mama wee, nimeshika." Kitabu sina, na wengi wao hawasomi. Darasa langu ni mikono.

Mwaka jana bosi wangu Onesmo alirudi kutoka semina Dar es Salaam akiwa amechangamka kupita kiasi. Alisema wanawake wa machimboni huku Geita wanazalishana kwenye vibanda vya maturubai, hawawezi kuacha biashara zao kuja kukaa Kishapu, kwa hiyo mafunzo yatawafuata kwenye kanda za kaseti. Kaka, wazo lenyewe sikulipinga hata kidogo. Nilifurahi. Nilimwambia tu anipe muda niyapange upya masomo, maana mtu wa kwenye redio hanioni. Akacheka. Akasema somo ni somo, mwalimu ni yule yule, kuna nini cha kupanga?

Basi siku moja akaweka redio kaseti juu ya meza katikati ya darasa, akabonyeza kitufe, akaenda zake kunywa chai. Aliporudi akaitoa kanda akasema, "Safi kabisa, tumemaliza." Tumemaliza! Niliisikiliza jioni ile nikatamani kulia. Kuku wanalia, wanawake wanacheka, na mimi sauti yangu inasema: weka mkono hapa, sugua hivi, usisugue hivi, ukiona imekuwa hivi ujue damu itakata. Somo zima la mama anayetokwa damu baada ya kujifungua lilikuwa "hapa" na "hivi".

Nikaenda Shinyanga mjini kwa Umesh, yule mwenye duka la redio anayenakili kanda, nikamwomba chumba cha nyuma nirekodi upya. Nilidhani nitamaliza asubuhi moja. Mama yake, Kantaben, alileta chai, akakaa kusikiliza, na haikupita muda akanikatiza: "Mwalimu, wewe nasema hapa. Hapa wapi?" Nikamwonyesha. Akaniambia nisimwonyeshe, yeye atafumba macho. Akafumba kweli, mikono juu ya sari yake, akafuata maneno yangu, na kila mara mkono ulikwenda pasipotakiwa. Nilichoka, kaka, nikamkasirikia yule mama wa watu kana kwamba anafanya makusudi. Ilibidi nijifunze kusema upya: kondo la nyuma likishatoka, weka kiganja juu ya kitovu, kishushe taratibu kuelekea chini, utakuta kitu cha mviringo ndani ya tumbo, kikiwa laini, kisugue kwa kukizungusha mpaka kiwe kigumu kama ngumi iliyokunjwa, mtoto awekwe ziwani, damu isipopungua, usingoje, mama apelekwe hospitali. Kantaben alipofika mahali penyewe bila kufumbua macho, tulishikana mikono kama watoto.

Nikampelekea Onesmo ile kanda mpya. Hakuisikiliza. Alisema ile ya kwanza imeshanakiliwa, imebandikwa karatasi zenye nembo na imeshagawiwa Geita, na tena wafadhili wanapenda kusikia wanawake wakicheka. Nilimfuata ofisini mpaka karani wake akawa ananiambia bosi hayupo, nami nasikia anakohoa ndani.

Mwezi uliopita wafadhili wakaja, nami nikachukuliwa pamoja na Onesmo kwenye gari lao kwenda machimboni kuwaonyesha kazi. Tukakuta wanawake wameizunguka redio, wametulia kama kanisani. Wageni wakapiga picha. Mimi nikawaomba wale wakunga wanionyeshe: hapo ninaposema weka mkono hapa, ni wapi? Mmoja akashika chini ya mbavu. Mwingine nyonga. Mkubwa wao, anaitwa Lusia, akashika juu ya tumbo la chakula, akaniambia kwa upole kabisa kwamba ndivyo walivyomfanyia binti mmoja, Adela, wakasugua mpaka mikono ikafa ganzi na damu haikukata. Aliokolewa na lori la mawe lililompeleka hospitali ya mjini. Akaniuliza, "Mwalimu, tulikosea wapi?"

Nilimgeukia Onesmo nikamwambia awaeleze wageni maneno yale yale. Akasema nao Kiingereza. Kiingereza changu ni kidogo, lakini si kidogo kiasi hicho. Aliwaambia akina mama wanashukuru sana na wanaomba kanda zaidi. Wageni wakapiga makofi.

Sasa kaka, hapa ndipo penye neno langu, na ulisikie kwangu. Niliifungua ile redio nikatoa kanda, nikavuta utepe wote nje mbele ya wageni, nikaukatakata. Kisha nikamwomba Lusia alete nyingine zilizogawiwa pale kambini, nikazifanya hivyo hivyo. Onesmo alinishika mkono, nikamsukuma akakaa chini kwenye vumbi. Ndiyo, nilimsukuma. Aliniacha huku huku Geita, na barua ya kunifukuza ikafuata. Najua ni rafiki yako tangu shuleni, na kwamba alinichukua kwa neno lako. Kwa hilo naona aibu mbele yako, na nakuomba radhi. Kwa utepe sijutii, na kazi ile siirudii hata nikiitwa.

Nimepanga chumba hapa Kalangalala. Umesh ananitumia kanda mpya kwa basi, nami nazipeleka kambi kwa kambi mwenyewe. Tunaisikiliza pamoja mara moja, wananionyesha mikono yao, ndipo naiacha. Kuna kambi mbili wamenifukuza, wamesikia kwamba mimi ndiye mwalimu kichaa. Lakini Adela ananitangulia kuniombea njia. Anazungumza vizuri kuliko mimi.

Msalimie sana wifi, na watoto wote kila mmoja kwa jina lake. Ukipata ruhusa kazini, njoo Geita. Usije kunipatanisha na Onesmo. Njoo unione.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Eufrasia